Vuta Zipu Kabla Hujalipa

Hakuna mtu huingia Gikomba akanunua jaketi bila kuvuta zipu. Hata kama ni kamera, hata kama belo limefunguliwa ukiona, lazima uvute zipu, ugeuze mifuko nje, uinue juu uone kama mwanga unapita. Muuzaji akikuharakisha unamwambia atulie. Halafu msee huyo huyo anapanda ngazi za jengo fulani tao akiwa na elfu 25 mfukoni. Anaonyeshwa laptopu yenye stika ya i7, anaambiwa hii ni ex-UK, safi kabisa, na analipa kabla mashine haijamaliza hata kuwaka. Yaani jaketi ya soo tano tunaikagua kuliko mashine ya elfu 25.

Maoni yangu ni rahisi. Kompyuta ni spea tano au sita zimewekwa kwa boksi moja: prosesa, RAM, diski, skrini, betri na madabodi inayoziunganisha. Pesa yetu nyingi inapotea juu tunanunua boksi na kutupa boksi, bila kuuliza tunalipia spea gani ama ni ipi imeharibika.

Na si pesa ya kuchezea. Mimi naishi Tena, kampasi niliachia mwaka wa pili, na kazi yangu ni kukata video. Kwa watu kama mimi laptopu ndiyo ofisi. Hapa mtaani kuna dem anasikiliza sauti za watu wa Marekani usiku na kuziandika. Kuna boy anatengeneza posta za harusi na za kanisa, kuna mwingine anajifunza kuandika programu. Mashine ikilala wiki moja, kodi ya nyumba hailali. Na mara nyingi hiyo doh imetoka kwa chama cha mathe ama kwa mkopo wa HELB ambao utaulipa ukiwa na watoto. Kwa hivyo tuongee kama watu wazima.

Kwanza, uliza inaumwa wapi

"Laptopu imezeeka." Hiyo ndiyo sentensi ghali zaidi Eastlands. Msee akishaisema, kinachofuata ni kutafuta nyingine. Lakini mashine ikiwa nzito kuna sababu, na mara nyingi unaweza kuiona kwa macho bila kumlipa mtu.

Nakili kazi zako kwanza. Hiyo haina mjadala. Kisha fungua programu unazotumia kila siku, ubonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itatokea. Angalia palipoandikwa CPU, Memory na Disk.

Disk ikiwa imekwama kwa 100% na wewe hata hufanyi kitu, na ndani kuna diski ya zamani ya kuzunguka, umempata mgonjwa. Diski hiyo ni sahani inayozunguka, nyingi za laptopu mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kidogo kinatembea juu yake kutafuta faili zako. SSD haina kitu kinachozunguka. Diski ya zamani husoma kama megabaiti 100 kwa sekunde, SSD ya kawaida ya SATA inakaribia 500, na kwa faili ndogo ndogo tofauti ni kubwa hata zaidi. Mashine nyingi ambazo watu wanauza kwa hasira zinahitaji hiyo spea moja tu. Diski ya zamani, kama bado ni nzima, unaiweka kwa kasha la USB inakuwa stoo ya video zako.

Memory ikikaa juu ya 90%, ongeza RAM. Hapa kuwa makini: DDR3 na DDR4 haziingiliani, hata mwanya wa chini umekatwa mahali tofauti. Enda dukani na RAM yako ya zamani mkononi, ama na modeli kamili ya mashine.

Mashine ikizima yenyewe ukiwa katikati ya kazi nzito, shuku joto kabla hujashuku mashetani. Vumbi letu unalijua. Linaingia kwa feni, linajaa mahali hewa inatokea, na ile grisi kati ya prosesa na chuma cha kupoza inakauka. Kusafisha feni na kupaka grisi mpya ni kazi ndogo kwa fundi yeyote anayejua anachofanya.

Ikikataa kuwaka kabisa, anza na vitu vya bure. Jaribu soketi nyingine. Jaribu chaja nyingine ya volti sawa na pini sawa. Ikikataa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, finya kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, kisha rudisha chaja peke yake ujaribu tena. Ikiwa feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi, iunganishe na TV kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea kwa TV, madabodi iko hai, tatizo ni skrini ama waya wake. Isipotokea, zima kila kitu, ondoa umeme na betri, toa RAM, sugua meno yake polepole kwa raba safi ya penseli, uirudishe mpaka ikae vizuri. Zikiwa mbili, jaribu moja moja. Usishangae ikiwaka.

Onyo moja tu: betri ikiwa imevimba, usiidunge, usiifinye, usiendelee kuichaji. Mpelekee mtu anayejua.

Ukimaliza hapo ndipo unaweza kusema unahitaji mashine nyingine. Sasa twende tao.

Kwa nini tao imejaa hizi mashine

Angalia kitufe cha 3 kwa laptopu nyingi za Moi Avenue na Luthuli. Utaona alama ya £. Chaja yake inaingia kwa soketi yetu bila adapta, juu Uingereza na sisi tunatumia pini tatu za aina moja. Ofisi za huko hununua ama hukodi mashine mamia kwa wakati mmoja, zinatumika miaka michache, halafu zinabadilishwa zote. Ndiyo maana unakuta EliteBook, ThinkPad na Latitude zimepangwa kama mikate.

Lakini kuna sababu nyingine, na hiyo wauzaji wengi hawakuambii. Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021, na Microsoft ikaweka mstari: kwa prosesa za Intel, ukiacha chache sana, lazima iwe kizazi cha 8 kwenda juu, na mashine iwe na kijisehemu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ikafika mwisho wa msaada wa kawaida. Mashine ambazo haziumwi popote zikaambiwa zimepitwa na wakati. Ofisi inayofuata sheria za usalama haiwezi kubaki nazo. Lazima ziende mahali, na mahali pamoja ni hapa.

Mimi sioni aibu kwa hilo. Tumevaa suti za mtumba na tukapita intavyuu. Lakini ujue unachonunua. Kizazi cha 6 kikiuzwa kwa bei ya kizazi cha 8, hapo unachezewa. Na usitulizwe na "Windows 11 tayari iko ndani." Inawezekana kuilazimisha kwenye mashine ambayo haijaruhusiwa, na Microsoft yenyewe inasema mashine kama hiyo haina haki ya kuhakikishiwa apdeti. Ukipata ya kizazi cha 6 kwa bei ya kutupa, na kazi yako ni ya kuandika na intaneti, chukua, weka Linux Mint ama Ubuntu, uendelee na maisha. Ni bure na zinaendelea kupata apdeti.

Soma namba, achana na stika

Stika ya i7 inaweza kubandikwa na mtu yeyote mwenye vidole. Na hata ikiwa ya ukweli, i7 peke yake haikuambii kitu. Ni kama mtu kukuambia anaishi Eastlands bila kusema mtaa.

Namba inayofuata ndiyo stori. Chukua i7-6600U na i5-8250U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi: ile ya kwanza ni ya 6, ya 2015. Ya pili ni ya 8, ya 2017. Hiyo i7 ina kori mbili. Hiyo i5 ina kori nne. Ukifungua kazi nyingi kwa pamoja, ama ukitoa video, "mdogo" anampita "mkubwa" bila kutoka jasho. Ukiona namba inaanza na 10 ama 11, kama i5-10210U ama i5-1135G7, hicho ni kizazi cha 10 na cha 11.

Kuhakikisha, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, subiri. Itakuonyesha prosesa, RAM na modeli. Mashine haina sababu ya kukudanganya. Haipati komisheni.

Zipu ni hizi

Omba dakika 20. Muuzaji akikataa dakika 20 kwa elfu 25, tayari amekujibu.

Zima mashine, iwashe ukigonga F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell. Unaingia BIOS. Ikikuuliza nywila na muuzaji haijui, toka dukani. Inaweza kuwa bado imefungwa na ofisi ilikotoka, ama ni ya wizi, na yote mawili ni shida yako baadaye.

Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport. Itatengeneza ripoti na kukuambia imeiweka wapi. Linganisha namba mbili: uwezo betri ilikotengenezwa nao, na uwezo wake leo ikijaa. Ikiwa ilianza na 50,000 na leo inafika 20,000, umebaki na 40% ya betri. Hiyo si sababu ya kukataa mashine. Ni sababu ya kuongea bei.

Beba flashi yenye CrystalDiskInfo, ni programu ya bure. Itakuambia afya ya diski na imefanya kazi masaa mangapi.

Andika herufi zote za kibodi. Chomeka flashi kwa kila tundu la USB. Washa kamera, maiki na spika. Unganisha Wi-Fi kwa hotspoti ya simu yako. Fungua ukurasa mweupe ujaze skrini, utafute madoa. Fungua na ufunge mfuniko mara kadhaa, usikilize bawaba. Halafu cheza video ya ubora wa juu dakika kumi ukisikiliza feni. Ikipiga kelele kama posho mill, umejua.

Ninunue gani basi?

Anza na kazi yako. Kwa kuandika, masomo ya mtandaoni na mikutano, i5 ya kizazi cha 8, RAM 8GB na SSD ya 256GB itakutosha vizuri. Kwa video, tafuta nafasi ya kufika RAM 16GB. Na kabla hujalilia mashine ya mamilioni, jifunze kutumia proksi, yaani nakala nyepesi za video unazokata nazo, halafu programu inarudi kwa zile nzito wakati wa kutoa. Ni mbinu ya bure, na inafufua mashine nyingi.

Uliza RAM inatoka ama imechomelewa. ThinkPad T480 ina nafasi mbili za RAM, na modeli nyingi zake zina betri mbili, moja ya ndani na moja unayoitoa kwa mkono. X1 Carbon ni nyembamba na inapendeza, lakini RAM imechomelewa, kwa hivyo uliyonunua nayo ndiyo utazeeka nayo. MacBook Air pia iko hivyo. Mimi kwa mtu mwenye bajeti ya kubana nitachagua nene inayofunguka kuliko nyembamba iliyofungwa, kila siku.

Kuna watu wataniambia kitu kipya ni kitu kipya. Sikatai. Lakini laptopu mpya ya bei ya ex-UK mara nyingi ni Celeron, RAM 4GB, na hifadhi ya 64GB aina ya eMMC, vyote vimechomelewa. Ina harufu ya upya na dhamana, na baada ya muda mfupi imejaa na huwezi kuongeza kitu. Mashine ya ofisi ilitengenezwa ifunguliwe na mafundi wa ofisi. Hiyo ndiyo anasa ninayoitaka.

Desktopu je? Kwa pesa sawa inakupa nguvu zaidi, na OptiPlex ama EliteDesk ndogo ya mtumba ni dili poa. Ila jua mambo mawili. Boksi hizo ndogo zinakubali kadi fupi za picha tu, na pawasaplai yake haina nguvu ya kulisha kadi kubwa ya gemu. Pili, stima. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima, hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukakaa gizani. Laptopu ina betri yake, unaokoa kazi na kuzima kwa heshima. Desktopu bila UPS inakufa katikati ya sentensi. Kwa hivyo bei ya UPS ihesabu kama sehemu ya bei ya desktopu. Na kwa mashine yoyote, stima ikipotea chomoa, ikirudi ngoja itulie kwanza.

Risiti iseme ukweli

Sasa hapa ndipo nina neno na wauzaji. Najua wengi ni vijana kama sisi, kodi za hayo maduka si mchezo, na hawakutengeneza hizo mashine. Sijasema ni wezi. Lakini ile karatasi ukutani ya "bidhaa zikiuzwa hazirudishwi" haizidi Katiba. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo. Kizazi cha prosesa ni habari. Afya ya betri ni habari.

Kwa hivyo ukinunua, dai risiti iandikwe modeli, namba kamili ya prosesa, RAM, aina ya diski na asilimia ya betri, pamoja na muda wa waranti. Risiti iliyoandikwa "laptopu moja, HP" ni karatasi ya kufungia mandazi. Tukidai sote, duka litakaloanza kubandika hizo namba mbele ya kila mashine litajaza wateja, na mengine yatafuata yakipenda yasipende. Soko la mtumba lilijifunza kutenganisha kamera na fagia kwa sababu wanunuzi walikuwa na macho.

Na fundi wa mtaa umlipe kwa kuangalia. Tumezoea kwamba kuangalia ni bure, kulipa ni kutengeneza. Matokeo yake ni kwamba fundi akikuambia ukweli, kwamba ni RAM imelegea tu, anaenda bila kitu, lakini akikuambia madabodi imeungua anakula. Tumeweka bei kwa uongo, halafu tunashangaa. Mpe kitu kidogo ya kupima, na umwambie akuonyeshe spea aliyotoa.

Hata ile isiyofufuka bado ina kazi. Toa RAM, toa diski, chukua skrini na chaja, uza ama weka. Kinachobaki usikitupe na maganda ya viazi. Takataka zetu huishia Dandora, na hapo kuna watu wa rika letu wanaochoma nyaya ili wapate shaba, wakivuta huo moshi. Kuna WEEE Centre upande wa Embakasi, wanapokea vifaa vya umeme vilivyokufa. Tena hadi huko si safari ya kuaga watu.

Mtu akiniuliza sasa hivi "ninunue laptopu gani," nitamjibu kwa maswali manne. Unafanya kazi gani? Uliyonayo ina prosesa namba ngapi, RAM ngapi, diski ya aina gani? Ukifungua Task Manager, ni nini kinafika 100%? Na stima ikipotea kwenu, huwa unafanya nini? Ukiwa na majibu manne, nitumie, tutaongea. Na kuna nafasi kubwa utagundua unahitaji SSD moja na bisibisi, halafu ile elfu 25 iliyobaki umrudishie mathe kwa chama.